Daftari Lisilo na Kijumbe

Ndugu zangu mliohudhuria, nawaomba kwanza mnifuate hadi Ngamiani, Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwenye baraza la nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mama yangu na wenzake tisa walikuwa wanacheza mchezo wa fedha. Kila Jumamosi kila mmoja alitoa shilingi 20, na kila wiki mmoja wao akaondoka na shilingi 200. Kijumbe wao, yaani mkusanyaji na mtunza hesabu, alikuwa mmoja wa hao kumi, mama mtaratibu, mwenye daftari la kava gumu alilolihifadhi juu ya kabati. Hakuna aliyewahi kumtilia shaka.

Masika ya mwaka mmoja paa la kijumbe lilivuja usiku kucha. Asubuhi daftari lilikuwa limelowa chepechepe, wino umetambaa, kurasa zimegandana. Jumamosi ile wanawake wakakaa mkekani kuijenga hesabu upya. Kila mmoja alikuja na kumbukumbu yake. Mama alikuwa ameandika nyuma ya daftari langu la shule. Jirani yetu alikuwa na vistari vya mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Wengine waliibeba kichwani. Walikwenda wiki kwa wiki, mmoja akitaja, wengine wakiitikia au kukataa, hadi hesabu ikasimama tena. Mgongano ulibaki mmoja tu. Mama muuza vitumbua, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alisema alikuwa amelipa wiki mbili kwa mpigo kabla ya kwenda msibani Pangani. Wenzake tisa hawakuwa na habari hiyo, hata kijumbe mwenyewe hakukumbuka. Tisa kwa mmoja. Wakaamua hajalipa, naye akalipa tena, kimya.

Nimeanzia hapo kwa sababu nilipousoma kwa mara ya kwanza waraka wa kurasa 9 ulioizaa Bitcoin, baraza lile lilinijia mbele ya macho. Historia ya sarafu za kripto husimuliwa mara nyingi kwa bei: ilipanda ikafika hapa, ikaporomoka hadi pale, fulani akatajirika. Bei nitazigusa. Lakini mimi naamini kwamba historia hii ni ya daftari: aliweke nani, alisome nani, na watu wakigombana juu ya yaliyoandikwa humo, aamue nani.

Tulitazame tatizo lenyewe. Nikikukabidhi noti ya shilingi 10,000, mimi sinayo tena. Nikikutumia picha kwa WhatsApp, wewe umeipata na mimi ninabaki nayo. Pesa iliyo ndani ya kompyuta ni maandishi, na maandishi hunakiliwa bila jasho. Basi nini kitanizuia nisikulipe wewe asubuhi, na jioni nikamlipa mwingine kwa maandishi yaleyale? Dawa ya siku zote imekuwa kumweka mtu katikati. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, ilifanya hivyo. Ukituma 5,000 hakuna noti inayosafiri; kampuni inapunguza mstari wako katika daftari lake na kuongeza mstari wa mwenzako, kisha inawatumia nyote ujumbe. Ni kijumbe wa mamilioni ya watu, na tumemzoea hata tukasahau kwamba yupo. Anajua nani kamtumia nani, kiasi gani, saa ngapi. Anaweza kuzuia akaunti. Tunamwamini, na mara nyingi amestahili kuaminiwa.

Miaka ishirini na mitano kabla ya M-Pesa kuanza, kulikuwa na mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya huyo kijumbe. David Chaum, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliona mapema kwamba malipo yakihamia kwenye kompyuta, mwenye daftari atayajua maisha ya watu kuliko wanavyoyajua wenyewe: dawa wanazonunua, magazeti wanayosoma, wanakolala wakiwa safarini. Mwaka 1982 alitoa wazo la sahihi kipofu, na alilieleza kwa mfano ambao wenye maduka mliomo humu mtauelewa kuliko maprofesa, maana vitabu vya risiti vyenye kaboni mnavishika kila siku.

Chukua karatasi, andika juu yake namba ndefu uliyoibuni mwenyewe, uifunge ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya kaboni. Ipeleke benki. Benki inakata shilingi 1,000 kwenye akaunti yako, kisha inatia sahihi juu ya bahasha bila kuifungua. Sahihi inapenya kwenye kaboni na kutua kwenye karatasi iliyo ndani. Ukifika nyumbani unaichana bahasha, na mkononi unayo hati yenye sahihi halali ya benki, ambayo benki yenyewe haijapata kuiona namba yake. Kesho unanunua ndizi. Muuzaji anaipeleka hati benki. Benki inaitambua sahihi yake, inahakikisha kwamba namba ile haijawahi kuletwa, inamlipa. Nani kanunua ndizi, haijui. Chaum aliyafanya yote hayo kwa hesabu tupu, bila bahasha wala kaboni, na mimi sijui kazi nyingine ya hesabu za zama zetu iliyobeba heshima kubwa namna ile kwa mtu wa kawaida na siri zake.

Kampuni yake, DigiCash ya Amsterdam, iliigeuza hesabu hiyo kuwa pesa halisi. Mwaka 1995 benki moja ya Missouri, Mark Twain Bank, iliwaruhusu wateja wake kuitumia. Wateja walikuwa wachache, maduka yaliyoipokea yakawa machache zaidi, na kadi za benki zilikuwa zimeshalitwaa soko la intaneti. Mwaka 1998 DigiCash ilifilisika. Tazameni basi udhaifu wake ulipokuwa. Siri ya mnunuzi ilikuwa salama, lakini orodha ya namba zilizokwisha kutumika ilikuwa lazima iwekwe na mtu mmoja. Kijumbe alikuwa amefungwa kitambaa machoni, lakini alikuwa bado ameketi palepale. Alipoinuka, mchezo ukavunjika.

Njia nyingine ilijaribiwa Florida. Mwaka 1996 Douglas Jackson, daktari wa saratani, alishirikiana na mwenzake kuanzisha e-gold, pesa ya mtandaoni iliyosimama juu ya dhahabu halisi iliyowekwa stoo. Hiyo ilipata watu wengi kuliko ya Chaum, wezi na matapeli wakiwemo. Serikali ya Marekani ilifungua mashtaka mwaka 2007, na mwaka uliofuata Jackson na wenzake wakakiri makosa. Dhahabu ilikuwepo kweli. Lakini palikuwa na ofisi moja yenye anwani, na yeyote mwenye hati ya mahakama aliweza kugonga mlango wake.

Wakati hayo yakiendelea, kundi la waandishi wa programu na wanahisabati wa eneo la San Francisco, waliojiita sayfapanki, walikuwa wakikutana tangu 1992 na kujadili jinsi kriptografia, yaani elimu ya maandishi ya siri, itakavyomlinda raia dhidi ya dola na makampuni. Wengine walikuwa na siasa kali ambazo mimi sizikubali. Hata hivyo walikuwa na tabia moja ninayoiheshimu: wazo lao walilithibitisha kwa kuandika programu, na ikishindwa, mwenzao aliiokota na kuendelea pale ilipoanguka.

Kifaa cha kwanza cha kujengea daftari lisilo na kijumbe kilikuja bila mtu kufikiria pesa kabisa. Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta, watafiti wa maabara ya Bellcore, New Jersey, walijiuliza: nitathibitishaje kwamba hati ya kompyuta ilikuwepo tarehe fulani, na kwamba haijaguswa tangu hapo? Jibu lao lilitumia kitu nitakachokiita alama ya kidole ya maandishi. Mafundi huiita heshi. Ni hesabu inayomeza maandishi yoyote, yawe mstari mmoja au msahafu mzima, na kutoa namba ya urefu uleule siku zote. Andika «Nimepokea elfu kumi» utapata alama yake. Ongeza nukta tu mwishoni, na alama yote inabadilika, haifanani na ya mwanzo hata kidogo. Kutoka kwenye alama huwezi kurudi kwenye maandishi. Haber na Stornetta walizifunga hati kwa mnyororo: kila hati mpya ilibeba ndani yake alama ya iliyotangulia. Ukichokoza hati ya zamani, alama yake inabadilika, haioani tena na iliyoandikwa katika inayofuata, na mnyororo wote kuanzia hapo unapiga kelele. Kampuni waliyoianzisha ilichapisha alama ya kila wiki katika gazeti la New York Times, kwenye matangazo madogo madogo, ili ibaki katika maktaba za dunia ambako hakuna awezaye kuifuta. Ule waraka wa Bitcoin una marejeo manane tu, na matatu kati yake ni kazi za wawili hawa na mwenzao mmoja. Majina yao hayatajwi inavyostahili.

Kifaa cha pili kilitokana na kero ya barua pepe za matangazo. Mwaka 1997 Adam Back wa Uingereza alibuni Hashcash: kabla barua haijapokewa, kompyuta ya mtumaji ifanye kazi kidogo, itafute namba ambayo ikiunganishwa na barua, alama ya kidole itaanza na sifuri kadhaa. Hakuna njia ya mkato. Ni kujaribu namba moja, nyingine, nyingine tena. Mtuma barua moja hasikii uzito. Mtuma barua milioni anavunjika mgongo. Na mpokeaji anahakiki kwa kufumba na kufumbua. Kazi ngumu kuifanya, rahisi kuithibitisha: likumbukeni hilo.

Mwaka 1998 mhandisi wa kompyuta Wei Dai alipendekeza pesa aliyoiita b-money, ambamo kila mshiriki angekuwa na daftari lake lenye hesabu za washiriki wote. Mstari wa mkaa nyuma ya kila mlango! Nick Szabo naye akafikiria «bit gold», mafumbo kama ya Back yaliyofungwa kwa mnyororo, kila jibu likizaa fumbo linalofuata. Yote mawili yalibaki kwenye karatasi. Hal Finney wa California ndiye aliyeandika programu iliyofanya kazi, mwaka 2004, ila nayo ilitegemea mashine moja ya kuwekea kumbukumbu.

Kilichowakwamisha wote kilikuwa tatizo ambalo akina mama wa Ngamiani hawakuwa nalo. Barazani tulihesabu vichwa, na vichwa vilikuwa kumi. Kwenye intaneti mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu kabla ya chai ya saa nne. Madaftari yakitofautiana, ukipiga kura, unahesabu nini?

Tarehe 31 Oktoba 2008, wiki sita baada ya benki ya Lehman Brothers kuanguka New York na dunia nzima kuyumba, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto aliwatumia wataalamu wa kriptografia waraka wake. Hadi leo hatujui ni nani, mwanamume au mwanamke, mmoja au wengi. Jibu lake kwa swali lile lilikuwa hili: usihesabu vichwa, hesabu kazi.

Daftari linagawanywa kurasa, ziitwazo bloku. Malipo mapya yanatangazwa kwa kila kompyuta iliyo mtandaoni. Kompyuta zinazotaka kuuandika ukurasa unaofuata zinashindana kutatua fumbo la namna ya Hashcash, na fumbo hilo limefungwa pamoja na malipo yenyewe na alama ya ukurasa uliotangulia. Ya kwanza kupata jibu inautangaza ukurasa wake. Zote zinauhakiki, zinaunakili, zinaanza kushindania unaofuata. Ukurasa mmoja huchukua kama dakika 10. Kila baada ya kurasa 2,016, takriban wiki mbili, fumbo hukazwa au hulegezwa lenyewe kulingana na nguvu ya kompyuta zilizopo, ili mwendo usibadilike. Madaftari mawili yakitofautiana, linalofuatwa ni lile lililobeba kazi nyingi zaidi. Tapeli anayetaka kuufuta mstari wa mwezi uliopita itambidi aifanye upya kazi ya kurasa zote tangu siku hiyo, na awapite wenzake ambao hawajasimama. Aliyeshinda ukurasa hulipwa sarafu mpya, ndiyo maana wakaitwa wachimbaji. Kila kiungo kilikuwa kimekwisha kutajwa na mtu mwingine. Mpishi ndiye aliyekuwa mpya.

Ukurasa wa kwanza una tarehe 3 Januari 2009. Ndani yake Satoshi alipachika kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku ileile, kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza aliyekuwa karibu kuziokoa benki kwa mara ya pili. Kwa upande mmoja ni ushahidi wa tarehe, kwa ufundi uleule wa Haber na Stornetta wa kukimbilia gazetini. Kwa upande wa pili, kila aliyekuwa amepoteza kazi au nyumba mwaka ule alielewa kwa nini habari ile ilichaguliwa kati ya habari zote.

Mtu wa pili kuiendesha programu alikuwa Hal Finney, yuleyule wa mwaka 2004. Tarehe 12 Januari Satoshi alimtumia sarafu 10, malipo ya kwanza kati ya watu wawili. Finney aliiacha kompyuta yake ikachimba kurasa kadhaa, kila ukurasa ukimpa sarafu 50. Kisha akaizima. Baadaye alieleza sababu: mashine ilikuwa inapata moto, na kelele za feni zilimsumbua. Mwaka huohuo aligunduliwa na ugonjwa unaokausha misuli. Aliendelea kuandika programu akiwa hawezi kusogeza mikono, kwa kompyuta iliyofuata mwendo wa macho yake, hadi alipofariki Agosti 2014. Sarafu alizobaki nazo zilisaidia kulipia matibabu. Nikisikia watu wakisema kwamba jambo hili lote ni kamari, namkumbuka yeye.

Hapa niseme kidogo kuhusu idadi. Satoshi alipanga malipo ya mchimbaji yaanze na sarafu 50, na yapungue kwa nusu kila baada ya kurasa 210,000, yaani takriban miaka minne. Fanyeni hesabu: kurasa 210,000 mara 50 ni milioni 10 na nusu, awamu inayofuata nusu ya hiyo, kisha nusu ya nusu. Jumla inakaribia milioni 21 na haitavuka hapo. Kwa nini kuhangaika na ukomo? Pwani yetu inalijua jibu, ingawa halifundishwi mashuleni. Kwa karne nyingi simbi, yaani kauri, za Maldives zilikuwa pesa huko Afrika Magharibi, kwa sababu zilitoka mbali na hazikupatikana ovyo. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg waligundua kwamba simbi za jamii nyingine, kubwa zaidi, zimejaa kwenye fukwe za Zanzibar na mwambao wake, kwa bei ya kutupa. Wakazijaza melini na kuzimwaga Afrika Magharibi. Miongo michache baadaye, mwanamke wa huko aliyejiwekea akiba ya simbi maisha yake yote aliikuta hainunui tena alichokitarajia. Kwa Waganda neno «ensimbi» bado lina maana ya pesa. Kitu chenyewe kimebaki kwenye mapambo. Pesa inayoweza kuokotwa ufukweni hufa mikononi mwa aliyeiamini.

Mwanzoni sarafu hizi hazikuwa na bei kabisa. Oktoba 2009 mtu mmoja alikokotoa kwa gharama ya umeme wa kompyuta yake na kutangaza kwamba dola moja ni sawa na Bitcoin 1,309 na senti zake. Mwezi Mei 2010 Laszlo Hanyecz, mwandishi wa programu wa Florida, alitangaza kwamba atampa Bitcoin 10,000 mtu yeyote atakayemletea piza mbili kubwa. Alitaja hata anavyozipenda, ziwe na vitunguu, pilipili hoho, uyoga, nyanya. Siku nne zilipita. Tarehe 22 akaletewa. Sarafu zile zilikuwa na thamani ya kama dola 41. Watu humcheka leo, nami naona wanamwonea. Bila mtu wa kwanza kukubali kutoa na wa kwanza kukubali kupokea, daftari lile lingebaki zoezi la hesabu.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja tarehe 15 Agosti mwaka huohuo, na husimuliwa mara chache. Katika ukurasa wa 74,638 mtu asiyejulikana alitumia kosa la programu na kujiandikia zaidi ya Bitcoin bilioni 184, katika mfumo ulioahidi milioni 21. Programu haikuona tatizo. Watu waliona. Ndani ya saa chache Satoshi na wenzake walitoa programu iliyorekebishwa, wachimbaji wakaanza kujenga mnyororo mwingine kuanzia kabla ya ukurasa ule, ukaupita mbovu kwa wingi wa kazi, na zile bilioni zikawa kama hazikuwahi kuandikwa. Daftari liliokolewa na watu wachache waliokuwa macho, wanaojuana, walioafikiana upesi. Barazani pia ilikuwa hivyo.

Desemba 2010, makampuni ya malipo yalipokata huduma kwa WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri, baadhi ya wapenzi wa Bitcoin walitaka iingie kuziba pengo. Satoshi alipinga, akiona mradi bado mchanga na macho ya wakubwa yatauvunja. Muda mfupi baadaye akanyamaza hadharani, na masika ya 2011 akawaambia wenzake kwamba amehamia mambo mengine. Gavin Andresen wa Massachusetts ndiye aliyekuwa amekabidhiwa programu.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Silk Road, soko la siri la dawa za kulevya, lilifunguliwa mwaka 2011 na kufungwa na polisi wa Marekani Oktoba 2013. Liliipa Bitcoin wateja na sifa mbaya kwa pamoja. Wengine waliiga programu na kuibadilisha: Namecoin na Litecoin mwaka 2011, Dogecoin mwishoni mwa 2013. Watu wengi hawakutaka kutunza wenyewe ufunguo wa siri, ile namba inayomwezesha mwenye sarafu kuzitumia, wakapeleka sarafu zao kwenye masoko ya kubadilishana. Kubwa kuliko yote lilikuwa Mt. Gox la Tokyo. Februari 2014 lilianguka, likitangaza kupotelewa na Bitcoin 850,000. Baadaye 200,000 hivi zilionekana. Mnyororo wenyewe haukuwa umevunjwa hata pingili moja. Waliopotelewa walikuwa wamemrudisha kijumbe kupitia mlango wa nyuma, na safari hii alikuwa kijumbe ambaye hakukaa nao mkekani.

Nitasimama zaidi kwa Ethereum. Vitalik Buterin, kijana aliyezaliwa Urusi na kukulia Kanada, aliandika pendekezo lake mwishoni mwa 2013 akiwa na miaka 19. Kwa nini daftari liandike malipo tu? Liandike pia masharti: fedha hizi ziende kwa fulani ikifika tarehe fulani, bila wakili wala karani. Ethereum ilianza tarehe 30 Julai 2015. Mwaka uliofuata watu walichangia sarafu zenye thamani ya kama dola milioni 150 katika mfuko ulioitwa The DAO, usio na mkurugenzi wala ofisi, unaoongozwa na programu peke yake. Kauli yao ilikuwa kwamba programu ndiyo sheria. Tarehe 17 Juni 2016 mtu akaona tundu: aliweza kuomba malipo, na kabla mfuko haujapunguza salio lake, akaomba tena, na tena. Ether, yaani sarafu za Ethereum, zipatazo milioni 3.6 zikamtiririkia. Kwa mujibu wa programu, hakuvunja sharti hata moja.

Watu wa Ethereum wakabishana karibu wiki tano. Upande mmoja ulisema ni wizi, na wizi unarudishwa. Upande wa pili ukasema daftari lisiloguswa likiguswa mara moja, kwa sababu nzuri kiasi gani, limekwisha. Tarehe 20 Julai walio wengi waliibadilisha programu na kuzirudisha fedha kwa wenyewe. Walio wachache walikataa na kuendelea na mnyororo wa zamani, ambao upo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic. Nimezisoma hoja za pande zote mbili mara nyingi. Ningekuwepo ningepiga kura fedha zirudishwe, na bado waliokataa wananisumbua moyoni.

Tangu hapo uchimbaji umehama mezani na kuwa kiwanda. Feni ya Finney sasa ni makontena yaliyojaa mashine. Yalifika hata Luviro, Kivu Kaskazini, ambako hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maporomoko ya maji. Ethereum yenyewe iliachana na uchimbaji Septemba 2022. Hapa kwetu, Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, akaitaka benki hiyohiyo ianze kujiandaa. Kauli zote mbili nazielewa.

Kinachoniuma kiko chini ya hayo. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alinionyesha simu yake. Kulikuwa na kitu kilichojiita kripto, na salio lililopanda kila asubuhi. Alikuwa ameweka akiba ya bodaboda. Alipotaka kutoa aliambiwa alipe kwanza ada ya kufungulia, akalipa, akaambiwa kuna nyingine. Nilimwomba anionyeshe mstari wake kwenye daftari la umma, lile ambalo yeyote mwenye simu anaweza kulifungua na kulisoma kuanzia ukurasa wa Januari 2009. Hakukuwa na mstari. Palikuwa na tarakimu zilizochorwa kwenye kioo cha simu na mtu asiyemjua. Vijana wetu wanaibiwa kwa jina la kitu kilichobuniwa ili mtu asilazimike kumwamini asiyemjua, na hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kudai kuliona daftari.

Lile la Ngamiani halikutupwa. Kijumbe alilianika juani juu ya ungo, siku nyingi, akizibandua kurasa moja moja kwa ncha ya kisu. Miezi miwili baada ya kikao kile ulibanduka ukurasa ambao ulikuwa umegandana na mwingine. Alama ya muuza vitumbua ilikuwepo, mara mbili, wiki mbili kwa mpigo, kama alivyosema. Wale tisa walikosea wote.

Jioni hiyo walichanga shilingi 40 wakampelekea nyumbani, na mimi nilifuatana na mama. Mama yule alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akasema anataka na yeye awe na daftari lake. Mama akanituma dukani. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya mchezo, nilikwenda kwake nikamwandikia. Aliniwekea kitumbua kimoja kwenye kisahani, na hakuniacha niondoke kabla sijamsomea kwa sauti kila nilichoandika.